Mkopo wa Binti, Ritani ya Mama

Maswali ya Wasomaji: Fedha za Familia Ughaibuni

Msimu wa kodi wa Marekani unafungwa tarehe 15 Aprili, na barua nyingi tulizopokea mwezi huu kutoka kwa wasomaji wanaoishi huko zinazungumzia jambo moja: mtoto yuko chuoni, amechukua mkopo, na sasa mzazi na mtoto hawaelewani ni nani anayepaswa kumwandika nani kwenye ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imebeba makosa ninayokutana nayo kila mwaka, na kwa sababu mama aliyeiandika alijitaabisha kututumia hesabu zake zote, risiti kwa risiti. Viwango vyote vilivyotajwa hapa ni vya mwaka wa kodi 2025, ambao ritani zake zinawasilishwa mwaka huu wa 2026.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Columbus, Ohio, na ninalea watoto wangu peke yangu kwa kazi ya kuhudumia wazee. Binti yangu ana miaka 20 na yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Mdogo wake ana miaka 12. Miaka yote nimemwandika binti kama mtegemezi wangu, yaani mtu ninayemtunza, ili nipate nafuu ya kodi. Mwaka huu nilipotuma ritani kwa mtandao ilikataliwa, nikaambiwa namba yake ya Social Security, ile ya utambulisho wa serikali, imekwisha kutumika. Kumbe mwenyewe alijaza ya kwake mwezi Februari kwenye simu, akatamka kwamba hakuna mtu anayeweza kumwandika, ili arudishiwe kodi iliyokatwa kwenye mshahara wake wa maktaba. Nilikwenda kwa mtu anayejaza ritani hapa mtaani, akasema mtoto akishachukua mkopo hawezi tena kuwa mtegemezi. Mwingine akasema mkopo hauhusiki kabisa kwa kuwa si kipato. Analala bwenini, lakini bima yake, simu yake, nguo zake na nauli ya kwenda Arusha kumwona bibi yake nimelipa mimi. Mkopo mmoja ni wa serikali, kwa jina lake. Wa pili ni wa benki, nami nimetia sahihi kama mdhamini. Je, huyu mtoto bado ni wangu au si wangu? Na kama si wangu, nimepoteza nini? — Mama wa Wawili, Columbus.

JIBU: Marahaba, mama. Binti ni wako na atabaki kuwa wako. Kinachoulizwa na IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, ni jambo finyu zaidi: ni nani aliyegharamia maisha yake kati ya Januari na Desemba 2025. Hao watu wawili uliowauliza, kila mmoja alikupa nusu ya jibu. Ni kweli kwamba mkopo si kipato, kwa hiyo hautozwi kodi. Lakini mkopo ukishatumika kulipia ada, chumba au chakula, unahesabiwa kuwa matunzo, na matunzo hayo yanahesabiwa kuwa yametolewa na yule anayedaiwa mkopo huo. Fundo la barua yako liko hapo.

Mwanafunzi wa chuo huandikwa na mzazi akiwa chini ya miaka 24 ifikapo mwisho wa mwaka, akiwa amesoma kwa muda wote angalau katika sehemu ya miezi mitano ya mwaka huo, akiwa ameishi na mzazi kwa zaidi ya nusu ya mwaka, na akiwa hakujaza ritani ya pamoja na mume au mke. Kuhusu kuishi pamoja, bweni lisikutie hofu, kwa sababu kukaa chuoni kwa ajili ya masomo kunachukuliwa kuwa kutoka nyumbani kwa muda tu, na kisheria ni kama bado analala chumbani kwake. Masharti hayo yote binti yako anayatimiza. Linabaki moja: asiwe amejilipia mwenyewe zaidi ya nusu ya gharama za matunzo yake. Tafadhali lisome sharti hilo polepole, maana wengi hulisoma kinyume. Halisemi kwamba ni lazima wewe ulipe zaidi ya nusu. Linasema yeye asilipe zaidi ya nusu. Ndiyo maana wala halijali kama mshahara wake wa maktaba ulikuwa mkubwa au mdogo, ila linajali kiasi gani cha mshahara huo alikitumia.

Sasa tufungue karatasi zako. Ada na vitabu vya mwaka 2025 vilikuwa dola 13,400. Kati ya hizo, dola 6,000 zililipwa na ruzuku ya Pell, ambayo serikali humpa mwanafunzi wa kipato kidogo bila kuidai, na fedha za ufadhili wa masomo za mwanafunzi anayesoma kwa muda wote huwekwa kando katika hesabu hii, hazihesabiwi kuwa ni zake wala zako. Zinabaki dola 7,400. Bweni na chakula cha chuoni ni dola 12,800. Bima ya afya na matibabu ni dola 1,900. Simu, nguo na usafiri ni 2,700. Nauli ya Arusha ni 1,600. Katika orodha yako ulisahau jambo moja ambalo karibu kila mzazi hulisahau: miezi ya likizo aliyokaa nyumbani. Chumba alicholala kina thamani ya pango, na chakula alichokula jikoni kwako ni matunzo sawasawa na kile cha bwalo la chuo. Kwa makadirio uliyonipa baadaye kwa simu, chumba na chakula vya likizo vinafika dola 3,000. Jumla ni dola 29,400, na nusu yake ni dola 14,700. Hiyo ndiyo namba ya kuikumbuka.

Upande wa binti, tuanze na mkopo wa serikali. Wewe uliandika dola 6,500 kwa sababu ndiyo iliyo kwenye barua ya chuo, lakini barua hiyo ni ya mwaka wa masomo, na kodi inafuata mwaka wa kalenda. Januari alipokea nusu ya pili ya mkopo wa mwaka wake wa kwanza, dola 2,750, na Agosti akapokea nusu ya kwanza ya mkopo wa mwaka wa pili, dola 3,250. Kwa hiyo mwaka 2025 alikopa dola 6,000. Mkopo wa benki uliotolewa mwaka huo ni dola 7,000. Kwenye mshahara wa maktaba alipata dola 6,200, akatumia 3,100 na nyingine 3,100 ziko kwenye akaunti yake ya akiba. Fedha iliyolala benki si matunzo. Inayohesabiwa ni iliyotumika tu.

Swali la mkopo wa benki ndilo lililonifanya nikuombe picha ya ukurasa wa kwanza wa mkataba. Pale juu jina la binti limeandikwa kama mkopaji, na lako liko chini yake kama mdhamini. Mdhamini ni mtu anayeitwa pale mkopaji anaposhindwa. Deni la kwanza ni la binti. Kwa hiyo hizo dola 7,000 zinakwenda upande wake, ingawa bila sahihi yako benki isingempa hata senti. Najua hili linauma, kwa sababu mzazi anayetia sahihi ya udhamini amejiweka hatarini kikwelikweli. Sheria haiangalii hatari hiyo mpaka siku utakapoanza kulipa wewe. Kama mkataba ungewataja nyote wawili kuwa wakopaji, ningekushauri uupeleke kwa mtaalamu kabla ya kuandika lolote. Na kama ungekuwa mkopo wa Parent PLUS, ambao serikali humkopesha mzazi kwa jina lake, fedha yote ingehesabiwa kuwa matunzo uliyotoa wewe.

Jumlisha basi: 6,000 na 7,000 na 3,100 ni dola 16,100. Binti amejilipia zaidi ya nusu, kwa tofauti ya dola 1,400. Huwezi kumwandika kama mtegemezi kwa mwaka 2025, na ritani aliyoijaza Februari ni sahihi. Nakuomba umwambie hivyo, kwa kuwa katika barua yako ya pili ulisema hamjazungumza tangu ritani yako ikataliwe.

Lakini sababu aliyoitoa haikuwa sahihi, na ni vyema aijue kabla ya mwaka ujao. Kijana hahitaji kukana kwamba ni mtegemezi ili arudishiwe kodi iliyokatwa kwenye mshahara. Hata mtegemezi anaweza kujaza ritani yake, akaweka alama kwamba kuna mtu anayeweza kumwandika, na bado mshahara wa dola 6,200 ukawa chini ya kiwango kinachotozwa kodi, kwa sababu punguzo la kawaida la mtegemezi, yaani kiasi cha kipato kisichotozwa kodi, ni kipato chake cha kazi pamoja na dola 450, hadi kikomo cha dola 15,750. Angerudishiwa kodi ya mapato iliyokatwa yote. Katika vituo vya VITA, ambako watu wa kujitolea huwajazia ritani bila malipo wenye kipato cha kawaida, hili ndilo kosa la vijana wa chuo ninaloliona kuliko yote: simu inauliza swali moja, kidole kinagusa "hapana", na mzazi anakuja kujua baada ya miezi miwili.

Umeniuliza pia umepoteza nini. Msamaha wa kipato uliokuwa ukitolewa kwa kila mtegemezi ulifutwa tangu 2018, kwa hiyo kilichobaki kwa mtoto aliyevuka miaka 16 ni nafuu ya kodi, yaani kiasi kinachopunguzwa kwenye kodi yenyewe, ya dola 500. Hiyo umeikosa. Hadhi yako ya mkuu wa kaya, ile ya asiye na mwenzi anayelea mtegemezi nyumbani, haiguswi kwa sababu mdogo wake yupo nyumbani. Hasara kubwa iko kwenye nafuu ya elimu iitwayo American Opportunity, ambayo inafika dola 2,500 kwa mwaka kwa miaka minne ya chuo: asilimia 100 ya dola 2,000 za kwanza za ada na vitabu, na asilimia 25 ya dola 2,000 zinazofuata. Ada iliyolipwa kwa mkopo inakubalika, na inahesabiwa mwaka ule chuo kilipolipwa, si mwaka deni litakapolipwa. Angekuwa mtegemezi wako, nafuu hiyo ingekuwa yako hata kama ada yote ililipwa kwa mkopo wake, na hadi dola 1,000 ungelipwa hata kama kodi yako ni sifuri. Kwa kuwa si mtegemezi, nafuu ni yake. Ila mwanafunzi wa chini ya miaka 24 ambaye mzazi wake yu hai, na ambaye mshahara wake haufiki nusu ya gharama za matunzo yake, hapewi ile sehemu inayolipwa kwa fedha taslimu. Anaweza tu kuitumia kupunguza kodi anayodaiwa, na binti yako hadaiwi kodi yoyote. Hivyo katika nyumba yenu dola 2,500 zimepotea bila kumfaidi yeyote, kwa sababu ya dola 1,400.

Usikate tamaa lakini, kwa sababu kuna mlango ambao huyo mjazaji wa mtaani hakuufungua. Nafuu ya kipato cha kazi, inayowasaidia wafanyakazi wa kipato kidogo na kujulikana zaidi kama EITC, ina vipimo vyake yenyewe, na kipimo cha nani amejilipia matunzo hakimo. Inatazama undugu, umri, mahali alipoishi, na namba ya Social Security inayoruhusu kazi. Binti yako anapita. Kwa hiyo, ingawa humwandiki kama mtegemezi, unaweza kumhesabu kuwa mtoto wa pili kwa ajili ya EITC. Kwa mwaka 2025 kiwango cha juu kwa mtoto mmoja ni dola 4,328, na kwa watoto wawili ni dola 7,152. Kwa mzazi asiye na mwenzi, kikomo cha kipato kwa watoto wawili ni dola 57,310. Nenda kituo cha VITA kilicho karibu, beba karatasi hizi zote, waambie wakujazie upya bila kumwandika binti kama mtegemezi lakini wamtaje kwenye jedwali la EITC.

Kwa mwaka huu wa 2026 mna muda wa kupanga. Sikushauri ukimbilie Parent PLUS ili tu uhesabiwe wewe. Kwa mikopo ya mwaka wa masomo 2025/26 riba yake ni asilimia 8.94, wakati mkopo wa serikali wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza ni asilimia 6.39, na PLUS hukatwa zaidi ya asilimia 4 kabla fedha haijafika chuoni. Kutafuta nafuu ya dola 3,000 (zile 500 na 2,500) kwa kubeba deni la namna hiyo si busara kama kuna njia nyepesi. Na ipo: binti aweke akiba mshahara wake wa maktaba badala ya kuulipia bweni, na wewe ulipe sehemu ya bweni ambayo angeilipa yeye, hata kama baadaye atazitumia akiba hizo baada ya kuhitimu. Mwaka jana, kuhamisha dola 1,400 tu kwa njia hiyo kungetosha. Kaeni mezani mwezi Agosti, kabla ada ya muhula haijalipwa, mkiwa na jedwali la matunzo lililomo katika chapisho namba 501 la IRS, na mlijaze kwa pamoja.

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni kijana wa miaka 21, naishi Louisville, Kentucky. Familia yetu ilitoka Kivu ya Kusini, tukakaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, kisha tukaletwa hapa kama wakimbizi. Niko mwaka wa tatu chuoni. Wenzangu wameniambia kwamba baba akiacha kuniandika kwenye kodi, FAFSA itaniona ninajitegemea na nitapata mkopo mkubwa zaidi. Baba amekataa. Nimwambieje? — Mwanafunzi, Louisville.

JIBU: Mwanangu, usimwambie kitu, kwa sababu baba yako yuko sahihi na wenzako wamekupoteza. Neno "mtegemezi" lina maana mbili katika nchi hiyo, na ofisi mbili tofauti. IRS hutazama nani amelipa gharama. FAFSA, yaani maombi ya msaada wa masomo wa serikali kuu, haitazami kabisa kama mzazi amekuandika kwenye ritani. Kwa mwaka wa masomo 2026/27 unahesabiwa kuwa unajitegemea ikiwa ulizaliwa kabla ya tarehe 1 Januari 2003, au umeoa, au unasoma shahada ya juu, au umetumikia jeshi la Marekani, au una mtoto unayemtunza, au ulikuwa yatima au chini ya ulezi wa mahakama baada ya kutimiza miaka 13, au huna makazi. Na kuna hali nyingine chache za aina hiyo. Kijana anaweza kuishi peke yake, kujilipia kila kitu, kujaza ritani yake mwenyewe, na bado FAFSA ikadai taarifa za wazazi wake.

Ninaelewa kinachokuvuta. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayehesabiwa kuwa mtegemezi hukopeshwa na serikali hadi dola 7,500 kwa mwaka, na anayejitegemea hadi dola 12,500. Lakini iko njia halali ya kufikia kiwango hicho cha pili: baba au mama akiomba Parent PLUS na kukataliwa kwa sababu ya historia mbaya ya madeni, chuo kinaweza kukukopesha wewe kama anayejitegemea. Na ikiwa mzazi ametoweka, au nyumbani kuna ukatili, ofisi ya misaada ya chuo ina mamlaka ya kubadili hadhi yako kwa ushahidi. Sidhani kwamba hiyo ndiyo hali yako, lakini nataja kwa ajili ya msomaji mwingine ambaye huenda anaona aibu kuuliza. Familia zinazofikiria PLUS zijue pia kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mzazi anayeanza kukopa hatapata zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi, na dola 65,000 kwa jumla.

Hata baba angekubali kutokukuandika, ritani yako isingebadilika kwa kadiri unavyodhani. Swali lililo kwenye fomu ni kama kuna mtu *anayeweza* kukuandika, si kama amekuandika. Ukitimiza masharti ya utegemezi, jibu ni ndiyo hata kama baba amekaa kimya, nawe ukijibu hapana umeandika uongo juu ya sahihi yako. Kuna hali moja ambapo mzazi hufanya vyema kujinyima: pale kipato chake kinapozidi dola 90,000, au 180,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja, na hivyo nafuu ya American Opportunity kumpita. Hapo akiacha kukuandika, wewe unaweza kuitumia kupunguza kodi unayodaiwa, kama unadaiwa.

SWALI: Chuo kililipa ada yangu kutoka kwenye mkopo, kisha kikaniwekea dola 2,300 zilizobaki kwenye akaunti yangu. Rafiki yangu anasema niziandike kama kipato. Je, ni kweli? — Msomaji wa kike, Houston.

JIBU: Hapana, dada. Fedha uliyokopa unatakiwa kuirudisha, kwa hiyo si kipato, hata kama umeinunulia chakula. Angalia tu kama yote ilitoka kwenye mkopo, maana salio linaweza kuwa limechanganyika na skolashipu, na skolashipu iliyotumika kwa chumba au chakula badala ya ada na vitabu ni kipato kinachotozwa kodi.

Mkopo huweza kugeuka kuwa kipato siku unaposamehewa. Kwa misamaha ya mikopo ya wanafunzi iliyotolewa kuanzia 2021 hadi mwisho wa 2025, kodi ya serikali kuu ilisimamishwa. Kuanzia 2026, deni linalosamehewa baada ya miaka mingi ya kulipa kwa kadiri ya kipato linarudi kuwa kipato, na mtu anaweza kujikuta anadaiwa kodi ya maelfu ya dola katika mwaka mmoja. Waliosamehewa kwa sababu ya miaka kumi ya utumishi wa umma, kifo au ulemavu wa kudumu hawatozwi. Ukiwa bado unachagua kazi ya kwanza, na hospitali ya umma na ya binafsi zinalipa karibu sawa, hilo ni jambo la kuweka kwenye mizani.

SWALI: Mzee wa Minneapolis hapa. Kijana wangu amehitimu, ana miaka 25 na anajitegemea, lakini kazi bado ni ndogo, hivyo mkopo wake namlipia mimi kila mwezi. Je, riba ninayolipa naweza kuiondoa kwenye kipato changu? Pia nina mkopo wa PLUS niliouchukua kwa jina langu alipokuwa bado mtegemezi.

JIBU: Shikamoo mzee. Kwa bahati mbaya huwezi, kwa sababu jina lililo kwenye mkopo si lako. Lakini riba hiyo haipotei. IRS inalichukulia malipo yako kana kwamba umempa kijana zawadi, naye akailipa riba mwenyewe. Kwa kuwa hakuna anayeweza kumwandika kama mtegemezi, yeye ndiye anayeiondoa kwenye kipato chake, hadi dola 2,500 kwa mwaka, bila kulazimika kuorodhesha makato mengine. Kwa asiye na mwenzi, nafuu hiyo huanza kupungua kipato kikifika dola 85,000 na huisha kikifika 100,000. Akioa, wasijaze ritani mbalimbali na mkewe, maana kufanya hivyo kunaifuta. Ule mkopo wa PLUS ulioutaja chini ya barua, ulioukopa kwa jina lako alipokuwa bado mtegemezi, riba yake ni yako kuiondoa kwa masharti hayohayo, na kwenu wanandoa viwango ni kati ya dola 170,000 na 200,000.

Kijana asingoje karatasi kwa posta. Kampuni inayosimamia mkopo inalazimika kutoa fomu ya 1098-E, inayoonyesha riba iliyolipwa, pale tu riba iliyolipwa inapofika dola 600. Ikiwa riba ya mwaka ni dola 480, fomu inaweza isije kabisa, lakini dola hizo 480 bado zinaondolewa. Aingie kwenye akaunti yake ya mkopo, atafute jumla ya riba iliyolipwa mwaka 2025, na aiandike kwenye ritani kama ilivyo.